Wimbo Uliopigwa Mara Moja

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Mabweni yamelala, hata foleni ya kuoga haijaanza, na redio yetu ya chuo, hapa Dodoma, ikapiga wimbo wa dakika nne wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo.

Wimbo ule niliufuata mwenyewe kijijini, upande wa Chamwino, nimepanda bodaboda na kinasa sauti cha kuazima nimekiviringisha ndani ya sweta kisiingie vumbi. Walikuwa wanawake tisa. Muheme hupigwa ngoma imebanwa mapajani, kwa viganja vitupu, na ukikaa karibu unaona mpigaji anavyoibana na kuilegeza kwa magoti huku mabega yakitetemeka na shanga zikifuata. Aliyekuwa akiongoza, mama wa makamo, alinipokea kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo kwa watu wengi, kana kwamba nimekuja na ujumbe mzima, ingawa nilikuwa peke yangu. Tulipomaliza kurekodi hakuniuliza habari za pesa. Aliniuliza, "Sasa mwanangu, mtaupiga lini?" Nikamtajia siku. "Saa ngapi?" Nikamwambia, mama, nitakupigia simu.

Nilimpigia. Kijijini kwake masafa yetu yalikuwa yanakatika, kwa hiyo alitoka gizani na wenzake wawili wakapanda mpaka penye mwinuko, chini ya mbuyu, na simu ndogo yenye redio. Wakausikia. Baada ya siku ile wimbo haukupigwa tena. Nilipokwenda kumuuliza mkuu wa vipindi, mwanafunzi mwenzangu wa mwaka wa tatu, akanijibu kwa upole kabisa: "Muziki wa asili tumeshajaribu, ndugu yangu. Wanafunzi hawaupendi."

Redio ile sitaitaja, kwa sababu jibu lile nimelisikia baadaye kwenye redio nyingine za vyuo, na karibu kila mara linatolewa na mtu mwema anayeamini anachosema. Ndiyo maana nataka tulichambue.

Kila mwaka kundi jipya la watangazaji linapoingia studio, ugomvi ni uleule. Wapo wanaosema tupige vinavyopigwa Dar es Salaam, bongo fleva inayotamba, singeli, amapiano, la sivyo tutakuwa tunaongea na kuta. Wapo wanaosema redio ya chuo ikipiga vilevile vinavyopigwa na kila redio haina sababu ya kuwapo, tutafute kisichojulikana. Nimewahi kukaa pande zote mbili. Leo naona wote tunakosea mahali pamoja: tunadhani kujulikana ni tabia ya wimbo, kama sauti ya muimbaji au mwendo wa ngoma. Wimbo hujulikana kwa kupigwa, na ukitaka kujua kwa nini huu unatamba na ule umelala, anza kuhesabu mara ulizousikia kila mmoja.

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc, Marekani, alichapisha utafiti uliohusu jambo hili kwa karibu kuliko yeye mwenyewe alivyokusudia. Aliwaonyesha wanafunzi wa chuo maneno ya kubuni wakiambiwa ni ya Kituruki, pia michoro inayofanana na herufi za Kichina. Mengine waliyaona mara moja tu, mengine mpaka mara 25. Kisha wakaulizwa wanadhani kila neno lina maana nzuri au mbaya kiasi gani. Maneno yasiyo na maana yoyote yalipata alama nzuri zaidi kadiri yalivyoonyeshwa mara nyingi. Hakuna aliyewasifia wanafunzi wale maneno hayo wala kuwaeleza asili yake. Waliyazoea tu.

Sasa chukua amapiano. Wanafunzi wangapi hapa Dodoma wanajua Kizulu? Lakini ikipigwa pale kafeteria, meza nzima inaitikia kiitikio. Wazazi wetu walicheza rumba ya Kongo miaka na miaka, wakaimba Kilingala neno kwa neno bila kujua wanaimba nini. Halafu mtu huyohuyo anakwambia wimbo wa Kigogo hautapendwa kwa sababu wanafunzi hawaelewi lugha. Hoja ya lugha haijawahi kuzuia wimbo uliopigwa vya kutosha.

Bongo fleva yenyewe inasahau ilikotoka. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 redio ya Tanzania Bara ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na vijana wa kurap hawakuwa na nafasi ya maana humo. Radio One ilipoanza mwaka 1994, ikafungua vipindi vya vijana, na hata jina la muziki huu mara nyingi hunasibishwa na mtangazaji wake, Mike Mhagama. Wazazi waliuita muziki wa kihuni. Kwa kipimo cha siku zile ulikuwa muziki usiojulikana, wenye rekodi duni, unaoimbwa na watoto wasio na bendi. Ulifika ulipofika kwa sababu palikuwa na kipindi, palikuwa na saa maalumu, na kesho yake wimbo ulipigwa tena. Hata zilipendwa ni hivyohivyo. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, tunaziita urithi, na ni urithi kweli, lakini zilitufikia kwa sababu redio moja ilizirudia mchana na usiku, kwenye salamu na kwenye chaguo la msikilizaji, mpaka mtoto aliyezaliwa Kondoa akamjua Mbaraka Mwinshehe kama anavyomjua mjomba wake.

Marekani ndiko redio za vyuo zilikopata jina kubwa kwa kupiga kisichojulikana, na watetezi wa upande huo hapa kwetu hupenda kuzitolea mfano. Tuuchukue mfano wote basi. Mwaka 1948 mamlaka ya mawasiliano ya huko iliruhusu vituo vya elimu vya FM vyenye nguvu ya wati 10 tu, na vyuo vingi vikaingia hewani kwa mlango huo. Kufikia miaka ya 1980 redio hizo ndizo zilizoibeba R.E.M., bendi ya mji wa chuo wa Athens, Georgia, kabla redio kubwa hazijaitazama. Kule Seattle, redio ya Chuo Kikuu cha Washington, KCMU, iliyoanza mwaka 1972 na leo inaitwa KEXP, ilikuwa na watangazaji kama Bruce Pavitt na Jonathan Poneman. Hao wawili ndio walioijenga Sub Pop, lebo iliyotoa albamu ya kwanza ya bendi ya Nirvana mwaka 1989.

Mfano huo ukitajwa hapa kwetu, utaratibu uliokuwa nyuma yake huachwa. Kwenye nyingi ya redio zile palikuwa na rafu ya santuri mpya. Juu ya kila jalada mwanafunzi mmoja aliyeisikiliza yote ameandika kwa mkono: anza na wimbo wa tatu, wa saba una matusi usiupige mchana, bendi hii inakwenda na ile. Mtangazaji, hata awe na mapenzi yake, alilazimika kila saa kuchukua idadi fulani ya nyimbo kutoka rafu hiyo. Kila wiki redio ziliandika zimepiga nini na kupeleka orodha kwa jarida la CMJ, lililoanza mwaka 1978, nalo likachapisha chati. Kwa hiyo bendi isiyojulikana haikupigwa mara moja alfajiri ikaachwa. Ilipigwa wiki nzima na watangazaji kumi tofauti, na wiki hiyohiyo ilikuwa ikipigwa kwenye mamia ya vyuo vingine. Waliofanikiwa walikuwa wakifanya kazi ileile ya redio za biashara, kurudia, ila walirudia kitu walichokichagua wenyewe kwa kukisikiliza.

Walikuwapo pia waliokuwa wakiiacha bendi pale tu ilipopendwa na wengi. Hilo silikubali. Kumwacha msanii kwa sababu jirani naye amempenda ni kumfanya pambo lako, na ni dharau kwa jirani. Na redio inayojifungia na wajuzi wachache inakuwa dhaifu siku uongozi wa chuo utakapoanza kupiga hesabu. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Rice, Texas, kilikubali kuuza masafa ya redio ya wanafunzi wake, KTRU, kwa Chuo Kikuu cha Houston kwa takriban dola milioni 9.5. Wanafunzi walipinga sana. Masafa yaliuzwa.

Turudi nyumbani, maana neno "usiojulikana" likifika Dodoma linapata maana ya kusikitisha. Muziki wa Wagogo haujulikani na nani?

Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akinasa muziki, na sauti za Ugogo alizonasa zimehifadhiwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Mtafiti Polo Vallejo wa Hispania amekuja Nzali miaka nenda rudi kuandika jinsi wanakijiji wanavyopanga sauti zao, sauti juu ya sauti, bila noti. Hukwe Zawose, mtu wa hukuhuku, alichukuliwa na Mwalimu Nyerere kwenda Dar es Salaam, akaishi Bagamoyo, akapiga zeze na ilimba, marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, kwenye majukwaa ya dunia na kurekodi kwa Real World, lebo ya Peter Gabriel huko Uingereza. Alifariki mwaka 2003. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wametoa albamu kwa lebo hiyohiyo, wakipiga hata zeze na ilimba, vyombo ambavyo kwa desturi vilikuwa vya wanaume. Pale Chamwino kuna tamasha la muziki wa Cigogo, yaani Kigogo, kazi ya Kedmon Mapana, mwalimu wa muziki ambaye baadaye alipewa ukatibu mtendaji wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa.

Kwa hiyo msikilizaji wa London anaweza kuingia dukani akaupata. Mwanafunzi aliyepanga chumba Ng'ong'ona, anayewasha redio huku mama mwenye nyumba akiwa uani anaimba wimbo huohuo, hausikii redioni. Huyo mama anaujua. Mkoa huu una watu zaidi ya milioni 3 kwa sensa ya mwaka 2022, na wengi wao wamekua na sauti hizi kwenye jando, kwenye mavuno na kanisani. Tunapouita muziki wao "usiojulikana" tunamaanisha haujulikani na sisi tuliokaa mbele ya mashine ya kurusha matangazo.

Nikisema hivi najibiwa mambo matatu, na yote yanastahili kujibiwa.

La kwanza ni ukabila. Chuoni kuna vijana wa kila mkoa, kwa nini wapigiwe ngoma za Wagogo? Hofu hiyo naiheshimu, nchi hii imejengwa kwa kuiheshimu. Lakini rafu ninayoitaka si ya kabila moja. Iwe na litungu la Wakurya, bugobogobo ya Wasukuma, kwaya iliyorekodi kanda mwaka 1989 na kanda yenyewe inachakaa sakristia. Iwe pia na yule kijana wa Chang'ombe anayerekodi rap chumbani, godoro limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, maana naye hajulikani, na huenda ni mwanafunzi wa chuo hichohicho. Muziki wa Ugogo uwe wa kwanza kwa sababu moja tu: tumekaa juu yake.

La pili ni wasikilizaji. Wanafunzi wanataka hiti, wape hiti. Hapa naomba tuwe wakweli kuhusu simu. Mwanafunzi mwenye bando anaupata wimbo unaotamba saa ileile unayotaka kumpigia, tena na video, bila kungoja umalize kusoma matangazo ya mahafali. Kama hana bando, redio kubwa za Dar zinasikika Dodoma kwa mitambo bora, watangazaji wanaolipwa na zawadi za kugawa. Redio ya chuo ikiingia kwenye hiti tupu inashindana na wakubwa katika uwanja wao, kwa maikrofoni mbili ambazo mojawapo waya wake umefungwa kwa gundi ya karatasi. Kitu ambacho simu haimpi mwanafunzi, na redio ya Dar haina sababu ya kumpa, kipo kilomita chache kutoka studio.

La tatu ni ajira. Watangazaji wa vyuo wanajifunza kazi, na waajiri wanataka anayejua kuendesha kipindi cha kisasa. Kweli. Lakini ni nani hajui kupiga wimbo unaopendwa tayari? Kazi ngumu ya redio ya muziki ni kuchukua wimbo ambao msikilizaji hajauomba na kumfanya aungoje. Kijana akiweza kuufanya wimbo wa muheme uimbwe kwenye vimbweta atakuwa amejifunza kitu ambacho hakuna folda ya hiti itakayomfundisha. (Kuhusu pesa za umeme na leseni sina mengi: muheme na hiti vinakula umeme uleule.)

Kuna jambo la kiufundi ambalo watu wa studio wanalijua na wengine hawalitaji. Hiti ya leo hutoka studio ikiwa imepandishwa sauti mpaka mwisho, kila sehemu imejaa. Rekodi yangu ya kijijini ilikuwa chini, na muheme una mapigo mazito yanayofuatwa na utupu, ndiyo ladha yake. Ukiipiga mara tu baada ya hiti, msikilizaji anahisi redio imepungua nguvu. Anaweka kosa hilo kwenye wimbo. Fundi mitambo angeweza kulinganisha sauti za mafaili yale mawili kwa dakika kumi. Kwetu hakuna aliyefanya, mimi nikiwamo, na nililitambua siku niliposikiliza nakala ya kipindi kizima nikiwa nyumbani.

Kosa jingine ni la mdomo. Mtangazaji aliuingiza wimbo kwa maneno haya: "Na sasa twende vijijini tukawasikilize wazee wetu." Hakutaja kikundi. Hakusema kinachoimbwa ni nini. Kwa wimbo wa bongo fleva angetaja msanii, prodyuza, umetoka lini, nani ameshirikishwa. Wanawake wale tisa, ambao wawili kati yao hawajafika miaka 30, wakageuzwa "wazee wetu" kwa sentensi moja, na msikilizaji akaambiwa kabla hajasikia kwamba hili si lake, ni la kuvumiliwa.

Ninachokipendekeza ni kidogo kuliko kinavyosikika. Redio inayopiga nyimbo 12 kwa saa kwa saa 18 inapiga nyimbo 216 kwa siku. Chagua nyimbo sita zisizojulikana, sita tu, zilizolinganishwa sauti vizuri. Kila mmoja upigwe mara nne kwa siku: asubuhi watu wakiwa kwenye foleni ya maji, mchana kafeteria, jioni, na saa tatu usiku. Hiyo ni mara 24 kwa siku, moja ya tisa ya muziki wote. Nyimbo nane kati ya tisa zibaki hizohizo wanazozipenda. Usizitengee kipindi cha asili, kipindi cha asili ni kaburi lenye maua. Ziweke katikati ya hiti. Zitaje kwa majina na kikundi kila mara. Baada ya wiki mbili kila wimbo utakuwa umesikika mara 56, na hapo mkuu wa vipindi akiniambia wanafunzi hawaupendi, nitamwamini na kuuondoa mwenyewe.

Rekodi ile bado ninayo. Mwezi uliopita niliipeleka kwa kijana anayesimamia muziki kwenye redio moja ya chuo, nimeshairekebisha sauti, na karatasi ya maelezo: jina la kikundi, nani anaongoza, wimbo unasema nini, anza kuongea baada ya pigo la mwisho, si kabla. Akaisikiliza yote amesimama. Akasema ataipiga Jumatatu saa saba na nusu mchana, na Jumanne muda huohuo.

Nikampigia yule mama kumpa taarifa. Alinyamaza kidogo, nikasikia akiwaeleza wenzake kwa Kigogo, kisha akarudi kwenye simu.

"Na Jumatano, mwanangu?"